Namba ya Aprili ya Ruth Aminieli

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nane Aprili, mwaka 1999. Saa ni mbili kamili asubuhi. Hapa Moshi mvua inanyesha tangu jana alasiri, na mlima hauonekani.

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mwaka jana tarehe kama ya leo ilikuwa Jumamosi, na mvua ilikuwa ya namna hii hii. Asubuhi ile, katika kitongoji cha Kyareni huko Machame, alifariki Ruth Aminieli, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Lyasaro. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Leo tunamkumbuka.

Naomba mshike mambo matatu tangu sasa, kwa sababu yatarudi. La kwanza ni nyumba kumi na moja zilizojengwa chini ya mteremko. La pili ni ufa. La tatu ni mazoea ya Ruth ya kusoma namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

Tuanze na hayo mazoea. Ruth alizaliwa Agosti 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Aminieli na Mama Martha. Alimaliza kidato cha nne, akasomea ualimu, kisha akafundisha hesabu katika shule ya msingi kwa miaka sita. Darasani kwake walikaa watoto tisini. Kitabu kilikuwa kimoja. Kwa hiyo kila namba aliisoma kwa sauti ili hata aliyekaa nyuma kabisa aisikie, ndipo aiandike ubaoni.

Mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watu walio kazini aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili, mwaka 1992, alifaulu, akaingia Lyasaro. Chuo kilikuwa kichanga. Maktaba yake ilikuwa ghala la kahawa la zamani, na siku za mvua vitabu vyote vilinuka kahawa. Ruth alipata shahada ya kwanza, akarudi kwa ya pili.

Goodness, aliyeishi naye chumba kimoja, ananiambia hivi: "Alikuwa akipika wali anasema kwa sauti, vikombe viwili, maji manne, chumvi kijiko kimoja. Nikamwambia, mwalimu, hapa hakuna darasa la tatu. Akasema, wewe sikiliza tu, siku nikisahau utanikumbusha."

Wasikilizaji wapendwa, yashikeni maneno hayo.

Utafiti wa Ruth ulihusu mfongo wa kwao. Wa mlimani mnaujua, lakini kwa walio mbali nieleze. Mfongo ni mfereji wa udongo. Mababu waliuchimba kwa majembe, wakayatoa maji mtoni kule karibu na msitu, wakayapitisha ubavuni mwa kilima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Mahali maji yanapotoka mtoni huitwa banio. Mfongo wa Kyareni ulichimbwa na ukoo wa Mzee Filemon, ambaye wenyeji humwita Meku Filemon kwa heshima ya umri wake. Kwa hiyo Meku Filemon ndiye mwenyekiti wa mfongo. Ndiye anayefungua banio na ndiye anayelifunga.

Zamani mfongo ulifungwa masika yalipoanza. Mvua ilitosha, na ardhi ilipumzika. Lakini miaka ile ya tisini bei ya kahawa ilianguka. Watu waling'oa mibuni, wakajenga mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa bandani hunywa kila siku, na bomba la kijiji lilikuwa limekauka. Basi mfongo haukufungwa tena. Masika matatu mfululizo maji hayakupumzika. Kilima nacho hakikupumzika.

Ruth alijiuliza swali dogo. Ni maji kiasi gani yanaingia banioni, na ni kiasi gani yanafika vihambani? Ilipofika Novemba 1997 alikuwa na jibu. Kati ya ndoo kumi zilizoingia, zilifika nne.

"Alikuja akaniuliza, Baba, ndoo sita zinakwenda wapi?" anasema Mzee Aminieli. "Nikamwambia, zimeibiwa. Sisi hapa maji yakipungua, yameibiwa. Kuna mtu wa juu ametoboa ukingo. Babu yangu alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo."

Ruth hakubishana na baba yake. Alitembea kando ya mfongo kwa siku mbili. Siku ya pili, juu kabisa ya zile nyumba kumi na moja, hatua mbili chini ya ukingo wa mfongo, aliukuta ufa. Ulikwenda sambamba na mfongo kwa hatua themanini. Ulikuwa mwembamba. Nyasi zilikuwa zimeufunika.

Mzee Aminieli alimchongea vigingi ishirini na vinne kwa mibuni aliyoing'oa mwenyewe. Mti wa kahawa ni mgumu na hauozi upesi. Ruth alivipigilia viwili viwili, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule. Kila Ijumaa alipanda na rula, akapima kutoka kigingi hadi kigingi, akasoma kwa sauti, akaandika. Ufa ulikuwa mpana zaidi kwenye jozi ya saba. Novemba ulikuwa na sentimita mbili. Januari, nne. Ijumaa ya tarehe ishirini na saba Machi, saba.

Chini ya ufa huo kulikuwa na nyumba kumi na moja. Watu hamsini na watatu.

Sasa tufike kwenye kosa. Makosa yalikuwa zaidi ya moja, na hakuna hata moja lililofanywa na mtu mbaya.

Kwa desturi ya Kyareni mwanamke huchota maji popote mfongoni, lakini hafiki banioni. Kwa hiyo vipimo vya banioni Ruth hakuvichukua mwenyewe. Alivichukua Meku Filemon kwa fimbo aliyoitia alama kwa kisu, kisha akampa Ruth namba. Msimamizi wa utafiti, Dakta Thadeus, hakuridhika. Alimwambia, "Kipimo ambacho hukukiona kwa macho yako si chako. Wasahihishaji watakuuliza." Jumamosi, tarehe ishirini na nane Machi, Ruth alipanda mwenyewe hadi banioni. Alipima. Namba zilikuwa zile zile. Meku Filemon hakuwa amekosea hata alama moja.

Lakini Ruth alionekana. Meku Filemon aliumia, na desturi haikuwa sababu pekee. "Nilimpimia miezi mitano," ananiambia. "Kumbe alikuwa anafikiri mimi ni mwongo." Alitangaza kuwa Ruth hatakanyaga tena mfongoni, utafiti au si utafiti.

Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Aminieli alikata isale. Isale ni lile jani refu la kijani ambalo Wachagga hupanda mipakani na makaburini. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, ni ombi la msamaha, na anayeletewa hakatai.

"Nilisimama mlangoni kwake na jani mkononi," anasema Mzee Aminieli. "Filemon akaliangalia lile jani, akanuna. Akasema, Aminieli, umeniweza. Ungekuja na pombe ya mbege ningekufukuza wewe na mbege yako."

Meku Filemon alisamehe, ila aliweka sharti moja. Ruth asikanyage mfongoni hadi wazee wakae kikao. Kikao kilipangwa kufanyika Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe kumi na nane Aprili, saa nne asubuhi. Ruth alikubali.

Chuoni, Goodness alijaribu kumshawishi. "Nilimwambia, nenda Ijumaa moja kimya kimya, upime, urudi. Nani atakuona na ukungu ule? Akaniambia, Goodness, baba alishika jani kwa jina langu. Nikivunja, mimi nitarudi Lyasaro. Yeye atabaki Kyareni."

Basi ufa ulikaa wiki tatu bila kupimwa.

Dakta Thadeus naye hakujificha nilipomtembelea ofisini. Alifungua droo, akanionyesha barua. "Niliiandika tarehe mosi Aprili, kuwaomba wenye mamlaka wahamishe zile nyumba. Sikuituma. Nilisema, tungoje namba za Aprili. Barua yenye namba za Machi itaulizwa, na sasa hivi hali ikoje? Nilitaka tusionekane waongo. Ruth alinisihi mara mbili. Nilimwambia, leta namba za Aprili siku ya kikao, nami nitatuma siku hiyo hiyo."

Wasikilizaji wapendwa, mnaona jinsi kila kitu kilivyosogezwa hadi Jumamosi moja.

Jumatano, tarehe kumi na tano Aprili, maji yalipungua vihambani. Meku Filemon alipanda, akafungua banio zaidi. Alhamisi mvua kubwa ilianza. Maji yakapungua tena, naye akafungua tena. Ijumaa alitoa mawe yote ya banio, na mto ukaingia mfongoni kwa nguvu. Vihambani maji yalizidi kupungua. Mvua inanyesha, na mfongo unakauka. Alituma vijana wawili wakamkamate mwizi. Walirudi wameloa, wakasema hakuna mahali palipotobolewa, wala hakuna nyayo.

Ruth aliwasili Ijumaa hiyo kutoka chuoni. Hakuna aliyemweleza habari ya maji. Mama Martha ananiambia kwa huzuni, "Haikuwa habari, mwanangu. Maji kuibiwa ni habari gani?"

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ruth alitoka na ndoo ili amchotee ng'ombe maji. Mfongo unaopita kando ya nyumba yao ulikuwa na tope tu. Kaa wawili wadogo walikuwa wanatembea juu ya tope hilo, na mvua inawapiga.

"Nikamwambia, wameiba tena," anasema Mama Martha. "Baba yake akasema, na Filemon ameongeza maji tangu Jumatano, sijui mwizi huyu ana tumbo gani. Ruth akageuka. Akauliza, Baba, ameongeza? Akajibiwa, ameongeza. Akaweka ndoo chini, akasema, basi maji yote hayo yameingia kilimani, kwenye ufa."

Ruth alimuuliza baba yake swali moja. "Baba, isale lako limefunga miguu yangu. Limefunga na mdomo?" Mzee Aminieli akajibu, "Miguu tu. Na ni mfongoni tu."

Ndipo Ruth na mama yake waliposhuka kwenye zile nyumba kumi na moja, mlango kwa mlango. Kwao Ruth ni ng'ambo ya korongo, kwenye mwamba. Aliwaambia watu wote waende huko. Wengi walimsikiliza kwa sababu walimjua. Wengine walilalamika. Mama mmoja alisema, "Na mvua hii tukae wapi, kwako?" Ruth akamjibu, "Ndiyo, kwetu. Chai ipo."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Eliamini, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake darasa la sita. Alikuwa anakamua.

"Mwalimu, ng'ombe hajamaliza," alisema.

"Atamalizia kwetu."

"Shikamoo kwanza, mwalimu! Unakuja kunifukuza kwangu hata salamu hakuna?"

"Marahaba, Eliamini. Mfungue ng'ombe."

"Mwalimu na fimbo zake," alisema Eliamini akicheka. Akamfungua ng'ombe.

Saa moja kasoro dakika tano watu wote walikuwa uani kwa Mama Martha. Aliwahesabu mara mbili. Hamsini na watatu. Ruth akauliza, "Meku Filemon yuko wapi?" Eliamini akajibu kuwa alimwona alfajiri akipita na jembe lake, anakwenda kutafuta mahali maji yanapotokea. Alikuwa chini ya mfongo, juu ya nyumba zao.

Mzee Aminieli ndiye anayeeleza yaliyofuata, na naomba niyasome kama alivyoyasema. "Safari hii hakuniuliza. Aliniangalia tu. Nikamwambia, nenda. Nitapeleka jani lingine."

Ruth alichukua rula yake. Iko katika kumbukumbu ya kila mtu aliyekuwa uani pale kwamba alichukua rula.

Sasa tumsikilize Meku Filemon. Ana miaka sabini na minne. Alizungumza nami akiwa amesimama, hakutaka kukaa.

"Nilikuwa chini ya ufa, nafyeka nyasi, natafuta maji. Niliyasikia. Yalikuwa yanalia ndani ya ardhi, lakini sikuyaona. Nikasikia mtu ananiita kutoka juu, Meku! Meku, panda huku! Nikatazama. Ni yeye. Miguu yake iko juu ya mfongo. Nikakasirika sana. Nikamwambia, umevunja! Akasema, nimevunja, meku. Njoo unigombeze huku juu. Nikasema, nakuja, na leo utanijua. Nikapanda na hasira zangu. Nikavuka ufa ili nimgombeze vizuri. Akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya mfongo, kwenye mti. Akasema, sasa gomba."

Hapo nilimwonyesha kiti tena, akakikataa. Kisha akaendelea.

"Mimi nilikuwa natafuta pumzi. Yeye akarudi hatua nne. Akainama kwenye vile vigingi vyake. Nikamwambia, wewe, acha! Nadhani ni mazoea. Akaweka rula, akasoma kwa sauti, ishirini na sita. Akatia mkono mfukoni kutoa kalamu. Ardhi ikaondoka naye."

Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Ukingo ulikatika, na kilima kikashuka pamoja na mfongo kwa urefu wa hatua themanini. Tope lilichukua nyumba sita kati ya zile kumi na moja. Ndani ya nyumba hizo hapakuwa na mtu. Alifariki mtu mmoja, Ruth Aminieli. Walimpata Jumapili mchana. Daftari lake lilikuwa mfukoni, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ukurasa wa Aprili ulikuwa na tarehe tu.

Namba ya siku hiyo haikuandikwa. Tunaijua kwa sababu ilisomwa kwa sauti, na kwa sababu mzee mmoja aliyekasirika aliisikia. Nilimuuliza Dakta Thadeus anaionaje namba hiyo kitaaluma, maana hana daftari la kuithibitisha. Alisema, "Nilitaka namba za Aprili. Nimepewa moja. Siwezi kuikataa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nawapa pole Mzee Aminieli, Mama Martha na ndugu wote wa marehemu. Pole kwa jumuiya ya Lyasaro, iliyompoteza mwanafunzi ambaye watu wa kijiji kizima walimwita mwalimu. Mwaka mmoja hautoshi kuliponya jambo hili, nami sitawaambia kwamba umetosha.

Nawaomba tutafakari. Meku Filemon aliilinda desturi ya ukoo wake. Dakta Thadeus aliilinda heshima ya taaluma yake. Mzee Aminieli aliulinda ujirani. Ruth aliilinda ahadi ya baba yake. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kungoja Jumamosi. Tafadhali, kila mmoja wetu atazame leo ni jambo gani analoliona, na anangoja siku gani ili aliseme.

Namalizia kwa kuwaeleza kila mmoja alifanya nini baada ya hapo.

Dakta Thadeus aliituma barua tarehe ishirini Aprili. Alikamilisha sura ya nne ya tasnifu ya Ruth kwa maandishi ya Ruth mwenyewe. Tasnifu ilipitishwa Novemba, na iko katika maktaba inayonuka kahawa. Kwenye jedwali la mwisho namba ishirini na sita ina maelezo haya: imesikiwa na Filemon, mwenyekiti wa mfongo.

Goodness aliacha mada yake ya awali. Sasa anapima mfongo mwingine, na ameanzia banioni.

Eliamini na familia nyingine nne walirudi kwenye nyumba tano zilizosalia. Hawana ardhi nyingine.

Mama Martha huchota maji mtoni, mwendo wa nusu saa.

Mzee Aminieli alipeleka lile jani lingine siku ya mazishi. Meku Filemon alilipokea, akalipanda kwenye kaburi la Ruth, nalo limeota. Baadaye Mzee Aminieli alichonga vigingi vipya ishirini na vinne.

Meku Filemon alilifunga banio kwa mikono yake siku ile ile, na hajalifungua tena. Juu ya mahali kilima kilipokatika umetokea ufa mwingine. Vigingi vipya viko hapo. Kila siku, saa moja na dakika kumi asubuhi, anapanda na rula, anapima, anasoma kwa sauti, ndipo anaandika. Januari alisoma sentimita mbili. Jana, kabla mvua haijaanza, alisoma tatu na nusu.